Kikapu Kisichoonjwa

Watoto walimwita Mama Onja, na hawakumwonea. Kila Jumamosi asubuhi fundi huyu wa cherehani aliwapeleka kwenye uwanja nyuma ya karakana, akawafundisha kuchuma mnavu na mchicha wa porini. "Kata ncha tu, shina liache lichipue. Ukiling'oa, wiki ijayo utachuma mawe!" Kila jani lilipondwa kwa vidole na kunuswa, lenye harufu mbaya likatupwa mbali. Wakirudi uani, alichemsha kidogo kutoka kila kikapu, akala peke yake, na watoto wakasubiri matumbo yakinguruma mpaka aridhike kwamba bado yu hai. Wao walicheka. Yeye hakucheka.

Alipokuwa na miaka tisa alichuma mboga bila kunusa, kwa haraka zake tu. Majani mengine yanayofanana na mnavu mchanga yakaingia kikapuni. Mdogo wake ndiye aliyekula kwanza, maana alikuwa na njaa kuliko wote, na hakuamka tena. Miaka hamsini imepita, lakini fundi akiinamia majani humsikia nyuma yake akiuliza, "Dada, tayari?"

Jumamosi hii mjukuu wake, naye wa miaka tisa, alikwenda kuchuma peke yake, akarudi na kikapu kimejaa pomoni.

"Bibi, leo mimi ndiye nampikia mdogo wangu."

Bibi akapekua jani kwa jani, akanusa, akapekua tena. Hakuona kosa hata chembe. Hata hivyo akakimwaga kikapu chote kwenye ndoo ya vipande vya nguo.

"Nimekosea wapi, Bibi?"

Bibi akaigeuzia ndoo mgongo.

Mtoto akaitazama mikono yake, mbele na nyuma. "Kwani mikono yangu ni mibaya?"

Moyo ulimpasuka bibi. Swali hilo yeye hakuthubutu kamwe kumwuliza mama yake. Mama hakumlaumu hata siku moja. Ila tangu ule msiba mpaka anaingia kaburini, hakutia kinywani chakula alichopika binti yake. Kila mara alisema ameshiba.

Bibi akayaokota majani yote, akayaosha maji matatu, akamkabidhi mtoto sufuria. Safari hii hakuonja. Mdogo wa mtoto huyo akala, na bibi akamkodolea macho, akihesabu kila pumzi. Mjukuu akamletea sahani yake, akasimama kando akisubiri.

"Lete, mwanangu," alisema. "Nina njaa."