Mkono wa Kulia wa Dereva

Mwaka wangu wa mwisho wa chuo sikuweza kukaa kitini dakika kumi. Nilikuwa nasomea ergoterapia, kazi ya kumsaidia mtu aliyeumia afanye tena mambo yake ya kila siku: avae, apike, ale, arudi kazini. Kila nilipoeleza hivyo nyumbani kwetu, mtaa wa Kapata, wajomba waliitikia kwa adabu, kisha wakauliza nitakuwa nesi lini. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Kampuni moja ya mgodi ilikuwa inatafuta mtu wa kuwarudisha kazini wafanyakazi waliojeruhiwa, nami niliiwaza kazi hiyo asubuhi na jioni. Walitaka diploma tu. Na diploma ilitaka ripoti ya mgonjwa mmoja, kuanzia siku ya kwanza hadi atakapojitegemea.

Mgonjwa wangu alikuwa dereva wa lori, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka mkoa wa Maniema, baba wa watoto watano. Jeki iliteleza alipokuwa akibadilisha gurudumu, lori likamponda mkono wa kulia. Vidole viwili vilikatwa. Gumba na viwili vya mwisho vilibaki, vimekakamaa kama vijiti. Nilivishughulikia siku tatu, nikaona vitanichelewesha. Nikahamia mkono wa kushoto. Aliuzoea upesi: kijiko, vifungo vya shati, wembe wa ndevu. Baada ya wiki nne alikula sahani nzima hospitalini bila kumwaga, nami nikaandika "anajitegemea". Msimamizi wangu alinisifu mbele ya wenzangu.

Ulibaki ukurasa wa ziara ya nyumbani. Nilipanda pikipiki hadi mtaani kwake Dilala saa ya chakula cha mchana, maneno ya kuandika nikiwa nayo tayari kichwani. Sebuleni mke wake na watoto walikuwa wamezunguka sinia moja ya bukari, ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo. Yeye hakuwepo. Nilimkuta chumbani, ameketi ukingoni mwa kitanda, anakula peke yake kwa kijiko.

"Tata, juu ya nini unakula huku?" nilimuuliza.

"Mama, mi nitatia mukono ya kushoto mu sinia moja na batoto? Hii mukono ya chooni? Hapana. Bakule bao benyewe."

"Lakini haukuniambia!"

"Haukuniuliza. Na ulikuwa na haraka sana."

Kusema kweli nilitaka kumgombeza. Wiki zangu nne! Kisha aibu ikanishika. Mimi nimekulia hapahapa. Utotoni nilichapwa kofi kwa kupokea kitu kwa mkono wa kushoto. Sikuhitaji kitabu chochote. Nilijua, nikajifanya sijui, kwa sababu nilikuwa nakimbilia diploma, na yeye akaondolewa kwenye chakula cha watoto wake.

Nililifuta lile neno "anajitegemea" kwenye ripoti. Kikao cha kutetea ripoti kilipita bila mimi, msimamizi akaninunia, na kazi ya mgodini akaipata mwenzangu wa darasa. Nililia kwa hasira, kisha nikarudi Dilala, kila baada ya siku mbili. Mke wake alisonga bukari kidogo, nasi tukafanya mazoezi nayo ikiwa bado vuguvugu: gumba dhidi ya vile vidole viwili, kuminya, kubana, kuinua. Dereva alitukana kwa Kifaransa, eti kwa Kifaransa si dhambi. Tonge lilianguka, likaanguka tena. Mimi nilizunguka chumba kizima nikiwaza vidole visipokubali nitamwambia nini, mpaka mke wake akachoka nami.

"Ikala chini, mama. Kichwa inatuzunguka."

Nilikaa. Baada ya muda mfupi nilikuwa nimesimama tena.

Katika mwezi wa tatu wa mazoezi, siku moja nilipofika tu, dereva alitoka chumbani, akaketi mkekani pamoja nao. Nilibaki mlangoni. Binti yake mkubwa alikuwa ameshika birika na beseni la kunawa. Kwa mazoea ya miezi ile ya kula bila baba, alianza na kaka yake. Dereva akakohoa. Akanyoosha mkono wa kulia, wenye vidole vitatu, juu ya beseni.

"Na miye niko," alisema.

Binti akageuka, akammiminia maji, akaendelea kumimina hadi birika likawa tupu.