Kura Iliyopikwa

Enzi za chama kimoja, mikutano ya baraza letu la mji iliisha kabla chai haijapoa. Mwenyekiti alisoma, madiwani wakaitikia "ndiyo", nami karani nikachapa kumbukumbu huku nasinzia. Kisha vikaja vyama vingi. Mwenyekiti alipata kiti kwa kura za wenzake, lakini baada ya chaguzi ndogo mbili akabaki na kiti bila wingi wa madiwani. Raha iliyoje! Watu ambao hawakuwahi kufungua kitabu cha kanuni sasa walikuja nacho kwapani. Nilikuwa nafika kazini mapema kama ninayekwenda harusini.

Siku moja upande wenye wingi ulileta hoja ya kuezeka soko. Mama aliuza sukumawiki pale, na mvua yetu ya mchana haikosi. Nililitaka paa lile kuliko mshahara. Mikono ikahesabiwa, hoja ikapita kwa kura moja. Diwani aliyeileta akaruka: "Bwana Chairman, tumepika kura na tumeshinda!"

Sisi Wakipsigis, g na k hutuchanganyikia ulimini. Kila mtu alijua amesema "tumepiga". Lakini diwani mmoja wa upande wa mwenyekiti, mwalimu mstaafu, akainuka na kitabu chake.

"Hoja ya nidhamu! Mheshimiwa amekubali wamepika. Kura kama hiyo ni bure. Karani aandike vile amesikia."

"Aandike," akasema mwenyekiti, meno yote nje.

Nilikasirika. Nikiandika hivyo, paa limekwenda. Nikasimama.

"Bwana Chairman, niandike kila mtu vile nasikia?"

"Kila mtu."

"Basi mwalimu, wewe ulifanya nini?"

"Mimi?" akafoka. "Mimi nilipika kura ya kupinga!"

Ukumbi ulilipuka. Mwenyekiti alilaza kichwa mezani, mabega yakimtikisika, na alipoinuka alikuwa akifuta machozi. "Andika wote wamepiga," akaniambia. "Hoja imepita."

Nilikimbia hadi sokoni nikicheka peke yangu. Mvua ilikuwa imeanza, na mama alikuwa amejifunika karatasi ya nailoni. Nikamsimulia yote, jinsi siku hizi wanavyogombana juu ya kila neno. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha akakung'uta maji kwenye mboga.

"Waache wagombane," akasema. "Hiyo miaka yote walikuwa wanakubaliana, ni sisi tulikuwa tunanyeshewa."