Kaka Ambakisye Alipojifunza Kutumia Miguu

Harufu ya ngozi iliyolowa ikikauka kando ya jiko la mkaa hunirudisha nyumbani kwetu Iyunga, ambako mpira wa timu ya mtaa ulilazwa kila baada ya mvua. Aliyeuleta ni kaka yangu Ambakisye, kipa wetu, mwenye viganja vya kufunika sufuria na msemo mmoja tu: "Kipa ni mikono. Miguu ni ya kusimamia."

Na zamani zile ilikuwa kweli, msinicheke. Beki akibanwa alimrudishia kipa, naye aliudaka, akaukumbatia kama mtoto mchanga, huku wapinzani wakizomea. Kisha sheria ikabadilika: beki akikurudishia kwa mguu, usiushike. Tuliisikia redioni, kaka akaicheka.

Jumapili moja tulicheza na vijana wa Uyole, tukiongoza bao moja. Beki wetu akarudisha mpira. Kaka akaudaka kwa mazoea. Refa akapuliza, wakapewa mpira wa adhabu pale pale mbele ya goli, wakasawazisha. Mara ya pili alikumbuka, akaupiga kwa mguu, ukamwendea mshambuliaji wao. Tukafungwa. Njiani watu walikuwa wanataja jina la kipa mwingine.

Siku kadhaa zikapita. Halafu jioni moja akaniita uani.

"Mdogo wangu Tumpe, nipigie mpira."

"Udake?"

"Nisidake. Nipigie miguuni, na usinionee huruma."

Nilikuwa darasa la tatu. Nilijiuliza sana, mtu anayejulikana mtaa mzima anataka nini kwangu? Nilipiga, akakosa, mpira ukaangukia maharage ya mama yaliyoanikwa. Watoto wa jirani wakajaa uzioni kucheka.

"Jamani, mtu mzima anafundishwa kutembea!" mama akasema.

Kaka naye akacheka. "Nirudishie tena, mdogo wangu."

Tulifanya hivyo masika yote. Kwenye marudiano, beki alipomrudishia, aliutuliza kwa mguu, akainua kichwa, akamngoja mshambuliaji asogee. Nilifumba macho. Nilipofumbua, mpira ulikuwa umeshamfika beki wa kushoto. Hakuna aliyeshangilia ila mimi na mama.

Leo wanangu huwaona makipa wakianzisha mashambulizi kwa miguu, wala hawashangai. Wakati ule nilidhani kaka alikuwa anajifunza kupiga mpira tu. Sasa nami nimefika umri wa kufundishwa kazi na walio wadogo kwangu, ndipo nimejua kilichokuwa kigumu: kukubali kuchekwa katika jambo lile lile ulilozoea kusifiwa.