Niliita Vita ili Saa Yangu Isitafutwe

Nilikosa. Nalisema mapema usije ukafika katikati ukaanza kunionea huruma. Lile "bomu" la Kasingirima, mtaa wetu wa Ujiji, miaka ile ya wakimbizi, nililitega mimi. Na aliyesimama mbele ya mtaa mzima akapiga kelele kwamba hii ni vita, ni mimi huyuhuyu. Astaghfirullah!

Majina nimeyabadilisha. Langu silitaji kabisa, maana nina wajukuu shuleni na watoto wa siku hizi hawana dogo.

Nilikuwa mjane, nakodisha karabai, zile taa za kupampu, kwa wavuvi wa dagaa. Taa nzima nilikuwa nazo saba, ya nane imebaki tangi tu, limetupwa nyuma ya jiko. Fundi wangu alikuwa Gaspari, Mrundi aliyekimbia kwao baada ya kaka yake kuuawa. Badala ya kukaa kambini alijibanza Ujiji na mkewe Imelda, bila kibali. Mtaa mzima ulijua na mtaa mzima ulinyamaza, kwa sababu nani mwingine angetuzibia matangi? Kila alipoziba, alichora kamsalaba kadogo juu ya lehemu ili kazi yake ijulikane.

Sasa nikuletee shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu. Tumwite Kamanda, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuwa mkuu wa mgambo. Ulipovuma uvumi kwamba waasi wa Burundi wanapita Kagunga, kule mpakani, kuja kutulipua, Kamanda akajenga kibanda ufukweni, akavaa buti na filimbi shingoni. Basi hapakulalika tena! Hata ndoo yangu ya dagaa aliipekua.

"Shemeji, funua. Hii ni vita."

"Vita na dagaa?"

"Adui hana sura, shemeji. Funua."

Nikafunua. Akachota konzi mbili za ushahidi, akatia mfukoni.

Unajua shemeji kwetu ni mtani. Kamanda aliwahi kunifichia viatu asubuhi ya Idi, nikaenda kwenye sherehe na kandambili za bafuni. Mimi nikamtilia pilipili kwenye chai mbele ya wageni wake. Mambo yetu ndiyo hayo, na hakuna aliyekasirika. Kwa hiyo nilipoamua kumkomesha, wala moyo haukunienda mbio.

Ilikuwa wiki ya mbalamwezi. Mwezi ukiwaka dagaa hawafuati taa, mitumbwi hulazwa, na wanaume wote wanabaki nchi kavu bila kazi isipokuwa siasa. Nikachukua lile tangi bovu, lina mafuta ya taa kidogo ndani. Nikalifunga kwa uzi wa nyavu pamoja na saa yangu ya kengele, ile nyekundu yenye picha ya jogoo. Nikatia kwenye kapu, nikafunika na mihogo ya kuchemsha, mchana nikaenda nalo kibandani kwa Kamanda.

"Karibuni mihogo, majeshi yangu!" Wakaila wote. Wanakula, mimi nimeinama kama naokota ganda, nimelipampu tangi, nimelegeza skrubu kidogo na kulisukuma chini ya benchi. Nikaenda kukaa kwenye mawe, kanga mdomoni.

Saa ikalia. Mtikisiko wake ukaachia skrubu, tangi likaanza: fssssss! Kamanda aliinama kutazama, akaona uzi, saa na jogoo. Hakupiga filimbi wala hakutoa amri. Aliruka na buti zake mpaka ziwani! Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Halafu sikucheka tena. Yale mafuta yalikuwa yanaruka, na kando ya benchi palikuwa na jiko la mkaa la chai. Moto ukadaka benchi, ukadaka na shati la mgambo mmoja. Walimmwagia maji, akapona na mkono uliobabuka. Mtu akapiga kelele, "Bomu! Limeshindwa kulipuka! Wametaka kutuua!"

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Neno moja tu, "Ni mimi." Nilimtazama yule kijana anavyopuliza mkono wake, nikaogopa. Nikakunja kapu nikaenda nyumbani.

Alasiri tukaitwa wote nje ya ofisi ya mtaa. Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Rajabu, karani mstaafu wa mahakama, mtu ambaye hata ukimwambia kumekucha anauliza nani ameshuhudia. Kamanda alikuwa ameshauona msalaba kwenye lehemu, na Gaspari alikuwa ameshaletwa, kafungwa mikono.

Wakampa tangi. Akaligeuza. Tangi lile alikuwa ameliziba mara mbili kwa mikono yake, nami nimekaa pembeni yake namsimulia habari za watu! Akainua macho, akanitazama, akayashusha.

"Msalaba ni wangu," alisema. "Taa ni ya nani, sikumbuki."

Kamanda akasimama, suruali bado imelowa. "Mmesikia! Apelekwe Kagunga akavushwe, akajieleze kwao. Na Warundi wote wa mtaa huu wakusanywe. Hii ni vita!"

"Hili ni kosa la jinai," Mzee Rajabu akasema. "Kosa la jinai lina mtu. Tumtafute huyo mtu kwa ushahidi."

"Mzee, adui akikupiga risasi ikakukosa, utampeleka mahakamani kwa kukukosa?"

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mzee akangoja wanyamaze. "Na wewe ukisema vita, unapigana na nani? Na Imelda muuza ndizi?"

Imelda mwenyewe alikuwa pale nyuma, sinia lake la ndizi kichwani.

Ndipo Mzee akafungua leso yake, akanyanyua saa yangu, nyeusi kwa masizi, hata jogoo wangu haonekani! "Kesho asubuhi tutapita nyumba kwa nyumba na saa hii. Nyumba iliyopotelewa na saa itatueleza."

Ndugu yangu, jasho lilinitoka mpaka kwenye visigino. Nusu ya wanawake wale walishaingia kwangu wakaona ile saa mezani. Nikapiga hesabu yangu haraka. Ikiwa ni jinai, watauliza nani. Ikiwa ni vita, hakuna atakayeuliza kitu. Nikasimama.

"Saa ya nini?" nikapiga kelele. "Watu wanataka kutumaliza, sisi tunazungusha saa! Hii ni vita! Waondoke wote!"

Makofi yalivyopigwa! Mtu mzima mimi, mjane wa watu, naaminika. Mzee Rajabu akafunga leso yake taratibu. Ikaamuliwa kwamba asubuhi lori lije lichukue Warundi wote, na Gaspari apelekwe mpakani, kwa watu walewale waliomuua kaka yake. Akafungiwa ofisini.

Asubuhi Imelda akagonga kwangu. Nilijua amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari kutukanwa. Kumbe amebeba karabai zangu zote saba, nilizopeleka kutengenezwa wiki ile. Vioo vinang'aa.

"Gaspari amesema nikuletee, mama. Mbalamwezi inaisha, giza linarudi, asikuache na taa mbovu."

"Hakusema lingine?"

"Oya," akakataa kwa Kirundi chao. "Ni hilo tu, mama."

Akageuka kwenda kufunga mizigo yake. Nilikaa chini pale mlangoni. Niliona haya ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe. Nikatoka mbio bila viatu mpaka ofisini, lori limeshafika, nikapiga kelele mbele ya watu wote, "Ni mimi! Tangi langu, saa yangu, Gaspari hajui kitu!"

Kamanda akaangua kicheko. "Shemeji! Kumbe ni wewe! Umenizamisha na buti!" Watu wote wakacheka. Yule mgambo mwenye mkono uliobabuka naye akacheka.

Mzee Rajabu peke yake hakucheka. Alishika kalamu. "Jana nimeandika vita. Leo niandike jinai?"

"Andika utani, Mzee," Kamanda akasema, anafuta machozi. "Shemeji yangu huyu!"

Umeona? Tangi ni lile lile, moto ni ule ule. Lilipokuwa la Gaspari lilikuwa vita. Lilipokuwa langu, hata jinai halikufika. Nilimwomba Mzee anifungulie kesi, wakanicheka zaidi.

Gaspari hakupelekwa Kagunga, nashukuru Mungu kwa hilo. Lakini majina yalikuwa yameshaandikwa na lori limeshakuja, na sasa kila mkubwa alijua wapo mtaani bila kibali. Wote walipakiwa kwenda kambini. Nikashika ubao wa lori.

"Gaspari, ulijua. Kwa nini hukunitaja?"

"Mama, umejitaja mwenyewe, wamecheka. Ningekutaja mimi, wangenipiga." Akamshika Imelda mkono wasianguke, lori likaondoka.

Sikumwona tena. Taa zangu ziliharibika moja baada ya nyingine, nikaacha biashara. Mtaani nilipewa jina la utani ambalo nikilitaja hapa wa Kasingirima watanijua, na kila nikiitwa kwa jina hilo watu hucheka, nami nacheka nao. Saa nilirudishiwa. Iko kabatini, siitii ufunguo.

Basi nisikilize wewe mwenye mtaa wako. Mtu akitaka kukulipua akashindwa, mtafute yeye, umuulize yeye. Na siku ukisikia mtu anapaza "vita!" kuliko wote, hata kuliko aliyelowa, usimpigie makofi kwanza. Nenda nyumbani kwake ukaangalie kama saa yake iko mezani.