Bwana Pole Alivyosomwa Butiama

Mdogo wangu wa kiume alianza kumchora Bwana Pole wiki chache baada ya kumzika mama. Alikuwa kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa nimeacha shule nikiwa kidato cha pili, baba alipofariki, na nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari pale Mwisenge, Musoma. Nilitoa fotokopi, nilichapa barua za watu, nililaminisha vyeti. Mwenye duka aliniruhusu kwenda nyumbani na karatasi zilizoharibika, zile zilizotoka mashineni zimepinda au zimefifia. Upande mmoja ulikuwa na mambo ya watu. Upande wa pili ulikuwa mweupe, na huo ndio aliochorea mdogo wangu.

Bwana Pole alikuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu. Alivaa suruali ya shule iliyomwishia juu ya vifundo, na mgongoni alifunga kipande cha turubai kikawa kinapepea akiruka. Nguvu zake zilitokana na pole za watu. Mtu akimwambia "pole sana", misuli inavimba. Akiambiwa "Mungu atawafanyia wepesi", anaruka juu ya nyumba. Alinyanyua malori ya mchanga, alisukuma kivuko kwa kidole. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamwangusha, nacho ni msaada. Akitokea mtu na debe la unga, nguvu zinakatika palepale kama umeme, naye anadondoka kutoka angani. Katika kurasa zote nilizoziona alikuwa amedondoka mara mbili.

"Mbona anadondoka mara chache hivi?" nilimuuliza.

"Dada, mimi nachora ninachokiona."

Sikucheka. Kipindi kile nilikuwa sicheki wala silii, na majirani walisema nina moyo mgumu. Nilikuwa naamka, napika uji, namwamsha mdogo wangu, naenda kufungua duka. Jioni narudi. Mtu akinisalimia naitikia.

Tulizaliwa watatu. Wa mwisho, msichana, alikuwa na miaka sita mama alipofariki. Siku ya kumaliza msiba, shangazi, dada yake baba, alimchukua akaenda naye Bunda, Kabasa, ambako alikuwa na duka la nafaka. "Akae kwangu kidogo mpaka mpate nguvu," alisema. Alitupa pole nyingi. Akaondoka na mtoto na sufuria kubwa ya mama, ile ya kupikia shughuli. Wengine nao waliondoka na vitu vyao. Kabati lilienda, baiskeli ya baba ilienda. Hakuna aliyeiba. Kila mtu aliomba, na mimi nilikuwa naitikia kila kitu.

Ukapita mwaka na miezi. Nilikwenda Bunda mara mbili kumwona mtoto. Alikuwa amenenepa, anasoma, viatu vyake vilikuwa vizima. Safari ya pili nilimsikia akimwita shangazi "mama". Nilirudi Musoma nikaendelea na kazi, lakini tangu siku ile nilijua lazima nimrudishe. Mama aliniambia hospitalini nisiwatawanye wadogo zangu, nami nikamjibu "sawa". Sijawahi kuahidi kitu kingine maishani.

Kwetu mtoto hachukuliwi kwa kwenda kugonga mlango. Unamwomba mkubwa wa ukoo, na mkubwa wetu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba, anayeishi Butiama. Alikuwa katekista kwa miaka mingi, na anapenda mambo yafuate utaratibu. Nilipompigia simu kumweleza, alinikatisha.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyotuita mabinti wote, "jambo la ukoo liandikwe. Maneno ya simu yanapeperukaga. Andika, funga bahasha, mimi nitaifungua mbele ya watu."

Nilichapa barua ile dukani. YAH: OMBI LA KURUDISHIWA MDOGO WETU. Ilitosha ukurasa mmoja. Mwenye duka alikuwa na sheria yake: kila barua itoke kwanza kwenye karatasi ya rafu, iliyotumika upande mmoja, uisome, usahihishe, ndipo utoe kwenye karatasi safi. Siku ile kwenye rundo la rafu kulikuwa na nakala zilizofifia za Bwana Pole, kwa sababu wanafunzi wenzake na mdogo wangu walikuwa wameomba niwatolee. Nilitoa rafu, nikaisoma, haikuwa na kosa. Nikatoa na safi. Wakati huohuo akaingia mwalimu na mitihani ya darasa zima. Nikasaini haraka, nikakunja, nikatia kwenye bahasha, nikampa bodaboda aliyekuwa anakwenda Butiama.

Siku tatu baadaye nilikuta karatasi safi juu ya mashine. Haikuwa na saini. Nilidhani ni nakala ya ziada, nikaiweka kwenye faili.

Baba mkubwa aliwapigia watu simu, shangazi akiwemo, akawaambia tu kwamba nimeandika barua kumwomba mtoto. Kikao kilikuwa Jumamosi, kabla ya mchana, nje ya nyumba ya baba mkubwa. Walikuwepo wazee wanne wa ukoo, baba mdogo, shangazi, na mtoto. Mtoto alikaa kwenye mkeka karibu na miguu ya shangazi, amevaa gauni jipya. "Shikamoo dada," aliniambia, kama anavyosalimiwa mgeni. Mimi na mdogo wangu tulikaa kwenye benchi la pembeni. Tukaomba, kisha baba mkubwa akavaa miwani, akachana bahasha.

Anasoma vizuri. Alisoma barua yangu kwa sauti ya kanisani, taratibu, akinyamaza kwenye kila nukta. Nilikuwa nimeandika kwamba nina kazi, nyumba ya wazazi ipo, shule iko jirani, na kwamba tunamshukuru shangazi kwa malezi. Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Shangazi alikuwa anaangalia chini. Baba mkubwa akafika mwisho, kwenye saini, akageuza karatasi. Matangazo ya kigangoni siku zote yanaendelea upande wa nyuma, naye ameyasoma hivyo maisha yake yote.

"'Asili ya Bwana Pole,'" akasoma, sauti ileile. "'Huyu hakuzaliwa na nguvu. Alizipata msibani.'"

Wazee wakaendelea kutikisa vichwa. Mdogo wangu alinishika mkono. Mimi nilikuwa nimeshaelewa, nikabaki nimekaa.

"'Watu walipanga mstari kumpa mkono. Kila pole iliingilia kiganjani ikapanda mpaka begani. Kufika saa sita vifungo vya shati vikakatika. Saa nane akanyanyua benchi na wazee wote waliolikalia, wala hawakugundua, waliendelea kujadili nyama.'"

"Wazee gani hao?" baba mdogo akauliza.

"Nyamaza wewe, barua inasomwa," mzee mmoja akamjibu.

"'Akaja mama mmoja mwenye kilemba. Huyu alitoa pole saba kwa mpigo. Pole, pole, pole, pole, pole, pole, pole.'" Alizisoma zote saba. "'Hizo ndizo zilizomrusha hewani. Akiwa juu ya bati akamwona yule mama anaondoka, na chini ya kanga yake kuna kitu cha mviringo.'" Baba mkubwa akaisogeza karatasi karibu na miwani. "Hapa pamechorwa sufuria," akasema, kwa sababu yeye hawezi kuruka kitu.

Baba mdogo ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akainama. "Pole saba kwa sufuria moja! Dada, hiyo uliilipia kabisa!"

Shangazi alikuwa amevaa kilemba siku ile pia. Alisimama.

"Hii ni barua au ni matusi? Mtoto wa kaka yangu anakula kwangu, anasoma kwangu. Alipougua malaria nilikaa naye wodini siku nne, duka limefungwa. Hawa walikuwa wapi? Walikuwa wananichora!"

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Aliponipigia simu wakati ule kwamba mtoto amelazwa, nilimwambia "pole shangazi".

"Nani amechora?" baba mkubwa akauliza.

Mdogo wangu akasimama. "Mimi."

"Na huyu bwana wako, nguvu zinamwishiaga wapi?"

"Akiletewa kitu, baba mkubwa. Akisaidiwa kweli, anadondoka."

Baba mkubwa alifikiri. "Mimi siku ile nilileta nini?"

"Uliongoza sala."

Mmoja wa wazee alicheka kidogo akajifanya anakohoa. Baba mkubwa hakukasirika. Aliigeuza karatasi mbele, akaigeuza nyuma, kisha akaniangalia mimi.

"Mama. Upande huu mmeomba. Upande huu mmetukana. Nijibu upi?"

"Jibu wa mbele, baba mkubwa," nikasema. "Wa nyuma ni kosa langu la mashine. Haukuwa wa kuletwa hapa."

"Hapana!" shangazi akasema. "Haukuwa wa kuletwa, lakini ulichorwa. Huyu dada yake aseme mbele ya watu wote kwamba ni uongo. Akisema, mtoto namwachia leo hii. Asiposema, naondoka naye, na asinipigie simu tena."

Wote walinigeukia, na mdogo wangu pia. Sufuria ile nilikuwa nimeiona Bunda mara zote mbili. Mara ya pili niliiosha mwenyewe. Nilimwangalia mtoto pale kwenye mkeka, alikuwa anang'oa nyuzi za mkeka moja moja, hasikilizi.

"Ni uongo, shangazi," nikasema. "Hukuchukua kitu chochote. Naomba radhi."

Yalitoka kirahisi, kama salamu. Nilisubiri nione kama nitasikia aibu au hasira, sikusikia kitu. Mdogo wangu alikuwa bado amesimama. Akakaa.

"Basi, imekwisha," baba mkubwa akasema. Akaikunja karatasi mara nne akaitia kwenye mfuko wa shati.

Tulikula ugali na nyama, wote pamoja. Baba mdogo alijaribu kutania tena, hakuna aliyemuunga mkono. Baada ya chakula shangazi alinivuta pembeni. Hakuwa ananitazama usoni.

"Maharage anakula. Dengu hali, ukimpa anatapika. Na usimsuke nywele nyembamba, kichwa kinamuumaga."

"Sawa, shangazi."

"Ukimwamsha, mguse mguu. Usimwite kwa sauti."

"Sawa."

Tulishuka na gari moja mpaka Makutano, pale ambapo barabara ya Butiama inakutana na lami. Upande mmoja magari yanakwenda Bunda, upande mwingine yanakwenda Musoma. Gari la Bunda lilitangulia kufika. Shangazi alimfuta mtoto vumbi usoni kwa upande wa kanga, akapanda, akakaa kiti cha mbele. Gari likaondoka. Pembeni yetu kulikuwa na begi la mtoto, ambalo baba mdogo alikuwa amelitoa barazani kwa baba mkubwa na kulipakia. Lilikuwa kubwa kuliko nilivyotegemea.

Mdogo wangu alinigeukia.

"Umesema mimi ni mwongo," aliniambia.

"Tumempata," nikamjibu.

"Ndiyo. Tumempata."

Mtoto alikuwa bado anaangalia upande wa Bunda. "Dada, sisi tunapanda lipi?"

"La Musoma."

"Tukitoka Musoma, tutarudi nyumbani lini?"

Nilimwambia kwamba nyumbani ni Mwisenge, kwamba alizaliwa pale, kwamba kuna shule na ataipenda. Alinisikiliza kwa adabu. Halafu akauliza tena, swali lilelile, kwa maneno yaleyale, kama mtu anayedhani hakusikika. Mdogo wangu alitaka kumjibu, nikamwambia amwache. Gari letu likaja tukapanda. Mtoto alikaa dirishani, hakulia.

Mbele kidogo upepo ulianza kuingia, dirisha halifungi. Nilifungua begi kumtafutia sweta. Nguo zote zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa, za shule peke yake, za kushindia peke yake. Kulikuwa na madaftari yake, kadi ya kliniki, mafuta ya kupaka, na soksi mpya ambazo hazijafunguliwa. Katikati ya madaftari kulikuwa na bahasha ya kaki. Ndani ilikuwa barua ya uhamisho kutoka shuleni kwake Bunda, imesainiwa na mwalimu mkuu, imegongwa muhuri. Tarehe ya muhuri ilikuwa ya Jumatatu ya wiki ileile.

Kikao kilikuwa Jumamosi. Jumatatu shangazi alikuwa anajua kitu kimoja tu, kwamba nimeandika barua kumwomba mtoto.

Niliisoma mara mbili, nikampa mdogo wangu. Aliisoma, akaangalia muhuri, akanirudishia. Nikaitia kwenye bahasha, nikairudisha katikati ya madaftari kama ilivyokuwa. Kisha nikamgusa mtoto mguu ili ageuke, nikamvalisha sweta.