Besi Chini ya Kitanda cha Mzazi

Mtu akikuambia kwamba kuzaa ni kupumzika, mwulize yeye amezaa mara ngapi. Mimi nilijifungua mwishoni mwa Septemba, na kabla hata kitovu cha mtoto hakijadondoka nilikuwa nimeshapelekwa Uru kwa mama mkwe, nimelazwa, nimefunikwa mablanketi mawili na kuambiwa nisishike ufagio wala sufuria wala kitu kingine chochote isipokuwa mtoto na kijiko. Miezi mitatu! Ndivyo mzazi anavyotunzwa kwetu. Wenzangu wa sekondari walioolewa mbali husema nina bahati, wao walirudi kuchota maji baada ya wiki. Huwa nawajibu: basi njooni mlale nyinyi.

Mume wangu alikuwa mlimani, akibeba mizigo ya watalii, akishuka anakaa siku mbili anapanda tena. Kwa hiyo ndani ya nyumba tulikuwa mimi, mtoto, mama mkwe na paka. Na chini ya kitanda, ndani ya gunia la kahawa, lilikuwa gitaa langu la besi, ambalo halikutoa sauti.

Nilikuwa napiga besi kwenye bendi moja ya mjini. Tulifanyia mazoezi mtaa wa Soweto, kwenye uwanja wa nyuma wa baa, na tulipiga kwenye harusi, send-off, komunio, kila palipochinjwa mbuzi. Bendi ya Moshi inaishi kwa Desemba. Mwezi huo Wachagga wote walioko Dar na kwingineko wanarudi nyumbani, na kila kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kina turubai. Usipopiga Desemba, Januari watu wamekusahau.

Nilipoanza kuonyesha tumbo, kiongozi wa bendi alinivuta pembeni. Alikuwa mtu mzima, mpole, wa kuongea huku akikunja waya. Alisema, "Dada, Desemba ukiwepo na besi ikilia, nafasi ni yako. Usipokuwepo, kinanda kipo."

Miaka ile vinanda vya umeme vilikuwa vimeshuka bei, vinaingia kwa mafungu, na mpiga kinanda wetu aligundua kwamba mkono wa kushoto unaweza kufanya kazi yangu. Mshahara mmoja, kazi mbili. Nani atakataa?

Sikuwa nalilia mshahara, ulikuwa mdogo wa kuchekesha. Lakini nyumbani kwa baba nilikuwa mtoto wa katikati, darasani nilikaa nyuma, na ndoa nayo imenifanya mke wa mtu fulani. Kwenye besi tu ndipo nilipoona watu wazima, wenye suti na saa za dhahabu, wakitembeza miguu yao jinsi nilivyoamua mimi. Kitu hicho huachi kichukuliwe na mkono wa kushoto.

Sasa kuhusu lile gitaa. Lilikuwa la bendi ya kiwanda cha serikali. Kiwanda kilipouzwa bendi ilivunjwa, vyombo vikagawanywa kama vyombo vya marehemu, na mjomba wangu aliyekuwa mpigaji akaondoka na besi badala ya kiinua mgongo. Akanifundisha, akaniachia. Mbao yake nzito kama mlango. Julai ile, sumaku zake zilikufa. Nasema zile sumaku zilizofungwa waya, zinazokaa chini ya nyuzi na kukamata mtikisiko wake kuupeleka kwenye spika. Fundi redio mmoja alizifunga waya upya, waya aliotoa kwenye mota ya feni. Ikalia wiki moja kwa sauti ya mtu mwenye mafua, kisha kimya. Nilipomrudia akaniambia gitaa langu limezeeka. Nikamwambia na yeye pia.

Madukani Moshi hukupata kitu kama hicho. Ungepata nyuzi, tena za gitaa dogo. Lakini mjini kulikuwa na vibanda vya intaneti kila kona kwa sababu ya wapanda mlima, nami Kiingereza cha Form Four ninacho. Nikaenda na tumbo langu la miezi saba, nikakaa kwenye kiti cha plastiki kilichopinda miguu. Mzungu upande wa kushoto anaandikia kwao kwamba amefika kileleni, kijana upande wa kulia anatafuta mchumba. Mimi natafuta sumaku za besi. Picha ilikuwa inashuka mstari kwa mstari, unaona kwanza meza ya muuzaji, halafu kona ya kitu, halafu umeme unakatika. Unalipa, unarudi kesho, unaanza na meza.

Nilizipata Uingereza kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vilivyotumika. Kulipa ndiyo ilikuwa shughuli, kadi ya benki ya kulipia mtandaoni nani alikuwa nayo? Nilikuwa na rafiki niliyesoma naye, Mhindi, familia yao ina duka la vifaa vya umeme mjini. Dada yake aliolewa Uingereza. Tukakubaliana dada alipe kule, mzigo uende kwake, na ndugu yao wa kwanza kusafiri aulete. Muuzaji akaniandikia akiuliza urefu. Nikapima kwa futi ya fundi cherehani, nikamtumia. Nilikuwa naringa kweli. Mimi, kutoka kibandani Moshi, naagiza kitu Ulaya.

Halafu nikazaa, nikafungiwa.

Mama mkwe alinilisha kama mtu aliyeajiriwa kunilisha. Asubuhi mtori, ndizi zilizopondwa na nyama zikawa uji mzito. Mchana mlaso, ile damu inayopikwa na maziwa na mafuta, inang'aa juu kama barabara mvua imenyesha. Jioni supu. Nilikuwa sitaki. Nilikuwa na hasira kuanzia kooni kwenda chini, chakula kingepita wapi? Akitoka tu, nilikuwa nampa paka.

Novemba, kiongozi wa bendi alikuja kumwona mzazi. Alileta sukari na sabuni, akaketi kwenye kigoda, kofia gotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Umemwona mjukuu wangu? Anafanana na sisi."

"Nimemwona, mama, hata vidole ni vya huku." Akanigeukia, akapunguza sauti. "Dada, pumzika tu, usiwe na wasiwasi na sisi. Kinanda kimezoea. Tena kina faida moja." Akacheka mwenyewe kabla ya kumaliza. "Hakinyonyeshi."

Mama mkwe akacheka mpaka akajifuta macho. Mimi nilimtazama yule mwanaume mpaka akaanza kutafuta waya wa kukunja.

"Wiki ya Krismasi tunapiga hapo kwa jirani yenu, kipaimara ya binti yao," akasema akiinuka. "Utatusikia vizuri kabisa ukiwa hapo hapo kitandani."

Alipotoka nikamwambia mama mkwe kwamba siku ya hiyo sherehe nitakuwa nje, na nitapiga.

"Utatokaje? Miezi mitatu haijaisha."

"Nitatoka."

"Kaa chini. Unadhani nahesabu miezi tu? Nakuangalia wewe. Mzazi anatoka akiwa amenona, amependeza, watu wanasema kweli huyu mama anatunza mkwe. Nikutoe hivyo, mashavu yameingia, kola ya gauni inaning'inia? Waseme nilikula nyama mwenyewe?" Akaelekeza kidole mlangoni, paka alipokuwa amelala ubavu kama gunia. "Huyo amenona kuliko mzazi. Unafikiri mimi ni kipofu? Ingekuwa ni kumtoa paka, kesho asubuhi yuko tayari kabisa."

Miezi miwili nilikuwa najifungia mlango mwenyewe na kumlaumu aliyeshika ufunguo.

Basi nikaanza kula. Sikula kwa shukrani, nasema ukweli, nilikula kwa chuki. Mtori bakuli mbili. Mlaso nilimeza nimefumba macho nikimwona mpiga kinanda. Mama mkwe alisimama mlangoni mikono kiunoni, hajui afurahi au aogope.

Wiki iliyofuata rafiki yangu wa dukani akapanda Uru kuniona, amebeba nguo za mtoto, na katikati ya blanketi dogo la rangi ya waridi kulikuwa na boksi. Mama mkwe akamwekea mtori.

"Asante mama, lakini sili nyama."

"Unaumwa?"

"Hapana, mama. Kwetu hatuli."

"Hata ya kuku?"

"Hata ya kuku."

Mama mkwe alimwangalia kwa huruma ambayo mimi sikuwahi kupewa, akaenda kumchomea ndizi.

Nilifungua boksi. Nzuri, nyeusi, nzito mkononi. Nikavuta gunia kutoka chini ya kitanda, nikafungua parafujo, nikaziweka kwenye tundu. Haziingii. Zilizidi tundu kwa upana wa kidole kizima. Nikajaribu kuzigeuza, kana kwamba zingefupika.

"Ulipima nini?" akauliza rafiki yangu.

Nilikuwa nimepima kifuniko cha chuma kilichokaa juu. Kifuniko! Sumaku zenyewe za zamani zilikuwa ndogo ndani yake, sikuwahi hata kukinyanyua siku ile ya kupima. Akacheka. Nikamwambia akicheka tena namletea mlaso.

Kuzirudisha Uingereza haikuwezekana. Lililowezekana ni kuchonga. Alipoondoka nilichukua patasi ya mume wangu, nikaketi kitandani na gitaa mapajani, nikaanza kupanua tundu, mtoto amelala pembeni. Mbao ile ilikuwa ngumu, inatoka unga mwekundu. Nilikuwa nimejisahau mpaka nikasikia bakuli likitua mezani kwa kishindo.

"Mzazi ameshika patasi."

"Ndiyo, mama."

"Juu ya shuka."

"Ndiyo, mama."

Nilitegemea aninyang'anye. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akanong'ona kitu kwa Kichagga ambacho sikitafsiri, akampangusa mjukuu wake unga kwenye paji la uso. Kisha akauliza, "Hili ligitaa linakupa nini hasa? Wanakulipa vizuri?"

"Hapana."

"Sasa?"

Nikamwambia vile vile nilivyoandika hapa juu, kuhusu watu wenye suti na miguu yao. Sikujua kama ameelewa. Alisukuma bakuli kuelekea kwangu.

"Maliza hii kwanza. Bakuli likiwa tupu, chonga. Likiwa na kitu, hakuna kuchonga. Na shuka utanunua lingine."

Tukaenda hivyo. Bakuli, patasi. Bakuli, patasi. Tundu liliongezeka na mimi nikaongezeka. Kuunganisha waya nilifanya jikoni kwake, chuma cha kuchomea risasi, ile ya kuungia waya, nimekichomeka kwenye moto wa kuni kati ya mafiga, yeye anapuliza moto na kulalamika kwamba moshi wa risasi utaingia kwenye ndizi. Kujaribu sikuwa na spika. Nikatumia redio kaseti ya nyumbani, ile yenye tundu la maikrofoni, nikasokota waya moja kwa moja. Nilipogusa uzi wa chini, redio ilitoa mlio, ikatikisika mezani, ikaanguka. Paka alitoka dirishani. Mtoto hata hakuamka, alishausikia tumboni miezi saba.

Jumapili ya kabla ya Krismasi mama mkwe alinivalisha kitenge kipya, akanipaka mafuta hadi visigino, akanitanguliza kanisani. Wanawake wakanizunguka. "Heee, umenona!" Wakamgeukia yeye, wakamshika mikono. Alitembea siku ile kama aliyepigiwa kura.

Siku ya kipaimara nilivuka mfereji kwenda kwa jirani, gitaa begani, yeye nyuma yangu na mtoto mgongoni. Turubai limejaa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka, bendi inapiga. Nilisimama kwanza nikasikiliza. Nilitaka iwe mbaya. Haikuwa mbaya. Watu walikuwa wanacheza. Ila kila mpiga kinanda alipopamba kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ulichelewa, na mpiga ngoma alikuwa anatokwa jasho akimvuta.

Wimbo ulipokwisha nilikwenda mbele. Kiongozi alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Mama mtoto! Umependeza. Umekuja kucheza?"

"Nimekuja kupiga."

"Dada, tumeshapanga nyimbo. Spika yenyewe imechukuliwa na kinanda."

Kabla sijafungua mdomo, mpiga ngoma aliegemea mbele akachomoa waya wa kinanda mwenyewe, akanipa mimi. "Chomeka. Nimechoka kumkokota huyu kama ng'ombe."

"Hei!" akasema mpiga kinanda.

"Hei nini? Wewe chomeka kwenye spika ya waimbaji. Pamba kwa mikono yote miwili."

Nikachomeka. Siwezi kusema nilipiga vizuri. Vidole vilikuwa vimelainika kwa miezi ya kushika kijiko, wimbo wa pili vikatoa malengelenge, na zile sumaku zilikuwa kali kiasi kwamba kiongozi alinionyesha mara nne nipunguze. Sikupunguza sana. Wimbo wa tatu mpiga ngoma aliacha kuniangalia, akafumba macho, na hapo nikajua tumeshikana. Baba mwenye sherehe, mwanaume mnene mwenye suti ya Dar, alikuwa anakuja mbele kwa hatua zangu, moja, moja, moja.

Mtoto akalia. Nikakaa juu ya spika nikamnyonyesha hapo hapo, gitaa bado limechomekwa, kitenge begani. Kiongozi akaja, waya mkononi, anakunja.

"Jumamosi tuna harusi Masama," akasema, hanitazami.

"Nasikia."

"Utaweza? Na mtoto?"

"Nitakuja na mtoto, na mama mkwe wa kumshika. Watu watatu kwenye gari la bendi, na yeye anakaa mbele. Na mimi nikinyonyesha, mnapiga wimbo usiokuwa na besi, mnasubiri."

"Dada, hilo gari lina vyombo. Ngoja nifikirie."

"Fikiria hapa hapa. Mtoto akishiba nahitaji jibu."

Akakunja waya. Akaukunjua. Alimtazama mama mkwe, ambaye alikuwa na sahani ya nyama na hakuwa na haraka yoyote. Alimtazama mpiga ngoma, ambaye alikuwa anacheka waziwazi.

"Saa nne asubuhi," akasema hatimaye. "Gari litawachukua njia panda."

"Litapanda mpaka mlangoni," nikasema, nikamhamishia mtoto titi la pili.