Pilau ya Paa na Bwana Nyama

Mkwe wangu alipiga paa mmoja, akawa kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Picha ikatundikwa sebuleni juu ya televisheni: mkwe kavaa koti la rangi ya chungwa, kapiga goti kwenye theluji, kamshika mnyama pembe. Binti yangu alisema itolewe. Haikutolewa.

Mimi nilimwita pembeni nikamhoji, maana nyama ile ingeingia jikoni kwangu.

"Ulisema bismillahi?"

"Nilisema, mama."

"Kabla ya kufyatua au baada?"

"Kabla."

"Kwa sauti?"

"Mama, ningesema kwa sauti si angekimbia?"

Nikaona jibu lina akili. Nyama ikaingia jikoni.

Mkwe ana haja moja duniani. Anakaa mji huu wa Eagan, huku ughaibuni, tangu alipomaliza chuo, anafanya kazi ofisini Eden Prairie. Wazungu wa ofisini wanacheka naye, wanampungia mkono kwenye maegesho ya magari, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka kizingiti chetu akanywa chai. Kwetu mtu asiyetembelewa hivyo, watu huanza kuuliza anafuga nini ndani. Wazee wa ofisi yake wana kibanda porini, huko kaskazini, wanakokwenda kukaa pamoja msimu wa kuwinda. Na kila mwaka wao na wenzao hufanya mashindano ya kupika nyamapori, kuchangia hifadhi ya wanyama. Anayeshinda hualikwa kibandani. Ndiyo sababu mkwe alijifunza bunduki. Si kwa uchu wa nyama. Nyama ipo dukani.

"Mama, nikishinda nitakuwa mwenzao," alisema.

Nikamwambia hakuna aliyeingia kwa watu kwa njia ya bunduki, watu huingiwa kwa sufuria. Nikajifunga kanga kiunoni.

Nyama ya paa ina harufu ya pori, haitaki mzaha. Niliilaza kwenye tangawizi, kitunguu saumu na ndimu. Kulipokucha nikapika pilau, na king'ora cha moshi kikalia, mkwe kasimama chini yake juu ya kiti, anakipepea kwa taulo kama anampepea bibi harusi. Ilipoiva tukaivisha sufuria blanketi, tukaikalisha kiti cha nyuma, tukaifunga mkanda.

Ukumbini nilikuta vichwa vya wanyama vimejaa ukutani, vinatutazama tunavyokula ndugu zao. Meza hii mchuzi wa kindi. Meza ile soseji za dubu. Mwenye soseji akaninyooshea kipande kwenye uma. Nikamwambia mkwe, "Mwambie nimeshiba."

"Mama, hujala kitu."

"Mwambie nimeshiba tangu nyumbani."

Nikamuuliza mkwe, hivi wanyama wanahifadhiwaje kwa kuliwa? Akanieleza kwamba fedha za viingilio zinakwenda kurudisha mabwawa yaliyokauka, bata wapate pa kutagia. Nikatafakari. Basi bata wanachimbiwa bwawa ili warudi, wakirudi wapigwe, wakipigwa wapikwe, wakipikwa zipatikane fedha, bata wachimbiwe bwawa. Nikasema sawa. Kila nchi na wazimu wake.

Kilichonikera ni vile vikombe. Tulipewa vikombe vya karatasi, saizi ya vile vya kumezea vidonge hospitalini, tuwape watu pilau humo. Mtu mzima, na tumbo lake, umpe punje za kuhesabu? Nikavisukuma chini ya meza. Nikatoa sahani nilizokuja nazo.

"Mama, ndiyo utaratibu," mkwe akanong'ona. "Kila mtu anaonja kidogo, majaji wanakuja mwisho."

"Utaratibu wa kumnyima mgeni siujui."

Hata hivyo nilikuwa napakua kwa kiasi. Na ningeendelea kwa kiasi, lau nisingeinua macho nikamwona bwana nyama, askari wa wanyamapori.

Niseme hapa jambo ambalo mkwe, mtoto wa mjini, hakulijua. Marehemu mume wangu alilala mahabusu kwa ajili ya digidigi. Digidigi mmoja, ambaye hata nyumba hakuishibisha. Bwana nyama alikuja na sare yake ya kijani, akafunua sufuria yangu, akanusa, akaondoka na mume na sufuria. Mume alirudi. Sufuria haikurudi.

Sasa huyu wa hapa alikuwa mwanamke, mrefu, sare ya kijani, beji kifuani, bastola kiunoni, anakuja meza kwa meza anafunua sufuria za watu na kunusa. Najua mkwe alikuwa na leseni. Alinionyesha. Lakini kichwa kilijua, mikono haikujua. Nikashika upawa. Nyama iliyoko tumboni haina kesi.

"Kula, baba! Kula! Lete sahani!" Nilipakua kwa Kiswahili na wakanielewa vizuri sana. Mzee mmoja wa ofisini kwa mkwe alirudi mara tatu, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Mkwe ananivuta kanga, "Mama, basi, mama, tafadhali," lakini mkwe hawezi kumpandishia sauti mama mkwe, na mimi nilijua hawezi. Bwana nyama alipofika nilikuwa nimeshafunika sufuria na kuikalia.

Akatabasamu, akasema maneno.

"Mama," mkwe akasema, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetoa habari za msiba, "huyu ndiye jaji."

Hapo ndipo nilipokiona kijiko mkononi mwake.

Nikainuka. Akafunua. Palikuwa na ukoko tu, mweusi mweusi, na kipande cha mdalasini. Nikamsimulia mkwe, naye akamfasiria: digidigi, mahabusu, sufuria, yote. Yule mwanamke hakucheka. Akainama akakwangua ukoko, akautafuna kasimama, akakwangua tena. Kisha akasema pasipo nyama hawezi kutoa alama. Aliyeshinda ni mtu wa bata bukini.

Garini mkwe hakuifunga sufuria mkanda.

Jumapili iliyofuata mlango ukagongwa, bila simu, bila taarifa. Nikachungulia tundu la mlango: sare ya kijani. Nikarudi nyuma, nikazima jiko, ingawa nilikuwa nachemsha maharage tu.

Mkwe akafungua. Bwana nyama alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, akaingia na soksi zake, akanikabidhi paja la paa lililofungwa kwenye plastiki. Kwetu huja kuchukua nyama, huyu kaileta. Alisema paa aligongwa na gari barabarani, na sheria inaruhusu, na anaomba kama upo ule ukoko.

Nikamgeukia mkwe. "Muulize, aliyeendesha hilo gari alisema bismil—"

"Mama," mkwe akanikata, kwa sauti, mara ya kwanza tangu aoe kwangu. "Leo usiulize."

Nilimtazama. Alikuwa ameshika viatu vya mgeni, hajui pa kuviweka. Havijawahi kuwepo viatu vya mgeni wa namna hiyo.

Paja nikalishusha chini kwa jirani yetu Mkongo, Mkristo, ambaye hana maswali. Nikarudi nikawasha jiko, nikainjika wali, na safari hii nikauacha uungue makusudi.